Nondo Wawili Kwenye Sahani

Jirani yetu pale Kaloleni alikuwa na koti moja la sufu la kuimbia kwaya. Jumapili moja alilitoa kabatini likiwa na matundu ya kutosha kuchujia chai ya mtaa mzima. Hakuuliza mtu. Alikuja moja kwa moja mlangoni petu akalinyoshea kidole gunia la mahindi ambalo Mama aliletewa kutoka nyumbani, magharibi. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha miezi mitatu.

"Mama, gunia hili litoke leo. Nondo wako wameniaibisha kanisani."

Nondo walikuwemo, sidanganyi. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya jioni, miaka minne ya kutoka kiwandani na kukunja magoti kwenye madawati ya watoto, na biolojia niliipasi kuliko mtu yeyote tangu Nairobi ijengwe. Nikakamata nondo mmoja guniani na mwingine kabatini mwake, nikawalaza kwenye sahani nyeupe.

"Mzee, tazama mabawa. Huyu wa mahindi, upande wa kichwani ni mweupe-mweupe, huku nyuma ana rangi ya kutu. Huyu wa kwako ni rangi moja, kama nyasi kavu, hana alama yoyote. Huyu ndiye mla sufu, na amezaliwa kabatini mwako."

Mzee akainama. Akamsugua wa kwanza kwa kidole gumba, kisha wa pili. Wote wakabaki vumbi la kahawia.

"Haya, profesa. Hiyo alama iko wapi?"

Majirani waliokusanyika mlangoni wakaangua kicheko. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Vumbi lile ndilo alama yenyewe, rangi ya nondo yote iko kwenye vumbi la mabawa!

"Mzee, umefuta ushahidi!"

"Nimeua wadudu."

Mama akanivuta shati. "Nyamaza, baba. Tunaishi na hawa watu."

Jioni hiyo gunia likapanda mkokoteni hadi kwa dada yake Mama, mtaa wa Mowlem. Miezi mitatu mizima, kila Jumamosi, nilitembea kwenda kuchukua mikebe minne ya gorogoro ya mahindi yetu wenyewe, mwendo wa kufika Misri na kurudi. Mzee alikuwa akiningoja mlangoni pake, mchangamfu kabisa.

"Umerudi salama, profesa?"

Nikinyamaza, Mama alinigombeza kutoka ndani kwamba sina adabu. Kwa hiyo nilijibu, "Salama, mzee," meno yamebanana, mzigo bado begani.