Choo Kisichotaka Maji

Ziwa lilipoanza kupanda, choo chetu cha zamani kilijua kabla yetu. Maji yalikuwa bado hayajafikia meza za kuanikia ndagala, lakini chini kwa chini yalikwisha kuingia kwenye shimo. Mtu akimwaga ndoo kusukuma uchafu, uchafu ulizama, ukakaa kidogo, kisha ukapanda tena polepole.

Kazi yetu ni ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Tunazinunua asubuhi kwa wavuvi wa Magara, tunazianika kando ya barabara ya Rumonge, tunazifunga kwenye magunia na kuzipeleka Bujumbura. Mimi nashughulika na biro, ofisi yetu ndogo, yaani nashika funguo, mifagio, sabuni na malalamiko ya kila mtu. Ndiyo maana habari za choo zilinifikia mimi kwanza, na mpaka leo bado zinanifikia.

Nilikwenda kuangalia nyuma ya choo. Majani yalikuwa mabichi kupita kiasi, na mfereji mwembamba ulitoka pale ukashuka ziwani, mahali palepale tulipokuwa tukichota maji ya kuoshea samaki. Nilimwita shefu, mwenye biashara, aje aone. Alitazama, akakuna kichwa, akasema, "Tuoshe ndagala kwa hii?" Baada ya siku chache akaleta fundi kutoka Bujumbura.

Fundi alitujengea choo kikavu, kimeinuliwa juu ya ardhi kama ghala la mahindi, na ngazi mbele. Chini ya sakafu kuna masanduku mawili ya saruji. Moja linatumika mpaka lijae, kisha linafungwa, na uchafu unakauka hadi unakuwa mbolea wakati lingine likitumika. Mkojo unapita kwenye bomba lake hadi kwenye bidoni, dumu la plastiki, na wenye michikichi wanauchukua kwa kuukuzia miche. Kila mtu akimaliza anamwaga kopo la jivu. Jivu tulilipata bure kwa wanaochemsha mawese. Choo hicho hakitaki kitu kimoja tu, maji. Sanduku likilowa, halikauki, linaoza na kunuka.

Lilinuka. Ilianza taratibu, kisha hata wapita njia wakawa wanageuza uso. Wanawake wa kuanika waligawanyika pande mbili bila kuambiwa na mtu. Upande mmoja ni wale waliotoka Kivu, Wakristo kama mimi, watu wa karatasi. Upande wa pili ni Waislamu wa Rumonge, ambao hawawezi kutoka chooni bila kutawaza kwa maji.

"Nyinyi na makopo yenu," alisema mmoja wa kwetu, huku akigeuza samaki, "munafikiri mule ndani iko bustani ya kumwagilia?"

"Na nyinyi na makaratasi yenu," akajibiwa papo hapo, "munatoka mule kama mupaka rangi aliyeacha ukuta nusu!"

Walicheka wote, hata waliotukanwa. Shefu peke yake hakucheka. Alinunua kofuli, akaliweka mezani kwangu. "Hii harufu iko inafukuza wanunuzi. Ikiendelea, nafunga. Watu wataenda choo ya sokoni."

Sokoni ni mbali. Kwa wengi wetu ingekuwa usumbufu tu. Kwa mama wa mizani ilikuwa mwisho wa kazi.

Mama wa mizani ndiye anayepima samaki wanapoingia na wanapotoka. Ni Mwislamu wa Rumonge, mtu mzima, na ana ugonjwa wa sukari. Mara nyingi ananyanyuka katikati ya kupima, wanunuzi wanasubiri, na hakuna anayenung'unika kwa sababu mkono wake haudanganyi. Yeye ndiye aliyehitaji choo kuliko sisi sote. Na kwa kuwa aliingia mara nyingi kuliko sisi sote na kopo lake mkononi, yeye ndiye aliyekilowesha kuliko sisi sote. Alilijua hilo. Alikuja biro, akaliona kofuli, akakaa bila kukaribishwa.

"Dada, likifungwa hilo, mimi nawaaga."

"Mama, si utaweza kwenda sokoni?"

"Sukari haimungoji mutu afike sokoni. Na pale pwani wanaume wako na nyavu zao kutwa. Nichuchumae wapi mimi, mama wa wajukuu?"

Nilimwuliza kwa nini basi asiache maji, kama fundi alivyoeleza.

"Fundi gani alieleza?"

"Yule aliyetukusanya pale mezani, Ijumaa ile alipomaliza kujenga."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Ijumaa saa ngapi?"

Hapo nikaelewa. Fundi alitaka kurudi Bujumbura kabla ya giza, akachagua mchana, baada ya kazi ya asubuhi kwisha. Mchana wa Ijumaa wanaume wa Kiislamu wako msikitini na wanawake wao wamekwenda nyumbani. Waliomsikiliza wote walikuwa watu wa karatasi, na wote waliitikia kwa vichwa. Wengine walikuta tu picha aliyobandika mlangoni, ndoo iliyopigwa mstari mwekundu.

"Ile picha?" alisema mama wa mizani. "Tulifikiri wanakataza kuoshea samaki mule. Tukasema, wazimu gani huo, nani angeoshea samaki chooni?"

Nilimpigia fundi simu.

"Mbona hamukuniambia munao watu wa maji?"

"Hukuuliza."

Akasema kuna namna nyingine. Mahali pa tatu, pembeni ya tundu la uchafu na la mkojo, mtu anasogea na kunawia hapo, na maji yanatoka nje kwa bomba lake hadi shimo la kokoto. Masanduku yanabaki makavu. Alikuwa ameshajenga vya namna hiyo kwingine. Kuja tena, alisema, ni mpaka shefu amwite, na nilijua shefu hatamwita.

Nilimwomba shefu anipe siku za mbalamwezi tukirekebishe choo wenyewe. Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi inalala ufukweni, na meza zetu zinabaki tupu. Alikubali kwa uchovu uleule niliomwomba nao. "Mitumbwi ikirudi kazini na choo iko inanuka, usiniongeleshe tena."

Siku hizo watu hupumzika. Sisi tulibeba kokoto kutoka ufukweni kwa mabeseni ya samaki. Mwashi wa jirani alitoboa ukuta apitishe bomba, na nje tukapanda mateke, yaani magimbi, juu ya shimo, kwa sababu mateke hayachoki maji. Mara ya kwanza mwashi alitaka kuweka pa kunawia nyuma ya ukuta, nje. Mama wa mizani alimwuliza kama mkewe anatembea uani na nguo mkononi. Pakahamishiwa ndani, hatua moja tu kutoka pa kuchuchumaa, na kigingi ukutani cha kushika, maana magoti yake nayo yamezeeka.

Kazi mbaya kuliko zote ilikuwa sanduku lililolowa. Hakuna aliyejitolea. Tulimimina magunia ya jivu juu yake, tukalifunga, tukahamia lile la pili. Siku kadhaa nilikula kwa shida.

Mwezi ukafifia, taa zikaonekana tena majini. Asubuhi shefu alisimama chini ya ngazi, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Kulikuwa na harufu ya jivu na ya ndagala. Alichukua kofuli mezani kwangu, akalitia kwenye droo. Hakulirudisha dukani.

Ningependa kusema kazi iliishia hapo. Lakini kwetu watu hawakai. Mmoja anarudi Uvira, mwingine anahamia Nyanza-Lac, na kila mwezi kuna mgeni asiyejua lolote. Jivu likinyeshewa linaganda. Bidoni ikijaa, mwenye michikichi amesafiri. Mbao mbili za ngazi nimezibadilisha mwenyewe. Nimechoka kueleza, na nimeanza kuwaachia wengine.

Juzi nilimsikia mama wa mizani mlangoni na msichana mgeni kutoka ng'ambo, wa karatasi, maana alikuwa ameishika mkononi.

"Hapa unaacha. Pale ananawa anayenawa. Kisha jivu, kopo nzima, si vidole viwili kama chumvi."

"Na nikisahau, mama?"

"Nitakujua."

"Utanijua vipi?"

"Mutoto wangu, hapa ukitoka wewe, anayeingia ni mimi. Kila mara ni mimi. Haya, pita haraka, nangoja."