Mkono wa Kushoto wa Fundi Ahmada

Kwa miaka thelathini na moja Ahmada Ubwa alikuwa fundi wa magari mtaa wa Mwanakwerekwe, na watu walimletea gari zilizokwisha kukataliwa kwengine. Kisha, asubuhi moja akitia udhu, kiharusi kikamwangusha. Alinusurika. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, lakini mkono wa kushoto ulirudi nusu: ulishika kitu bila ya kujua umeshika nini. Riyama, mkewe, alishamkuta ameshikilia sufuria ya moto mpaka ngozi inababuka, naye anazungumza tu.

"Mkono huu haukupi habari," daktari alimwambia. "Usiuamini mpaka uutazame."

Gereji akamwachia Haitham, aliyejifunza kazi kwake na ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye wanawe. Miaka miwili ikapita hivyo.

Ijumaa moja binti yao Ulfat, mwalimu wa skuli aliyekuwa akikaa nao na watoto wake wawili, alirudi na gari inayolia kila akikanyaga breki. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha. Haitham alipita jioni ile kuwajulia hali, akaisikia.

"Fundi, kesho niletee mimi," alisema. "Wewe utakaa uniangalie tu."

Hakukusudia ubaya. Lakini neno lile, kukaa kuangalia, lilimkaa Ahmada kooni kama mwiba wa samaki. Jumamosi, jua halijapanda, akatoa jeki na sanduku la spana uani.

"Utafungua bolti kwa mkono gani?" Riyama aliuliza kutoka mlangoni.

"Wa kulia."

"Na wa kushoto?"

"Utashika."

"Utashika nini, Baba Ulfat, na hata moto hauujui?"

Akacheka. Alikuwa ameshabadilisha pedi za gari mia ngapi! Kazi ya saa moja, aliyoweza kuifanya amefumba macho. Akaitia jeki chini ya gari.

Tairi la kulia lilikwenda vizuri, ingawa polepole. La kushoto lilimtoa jasho. Kile chuma kinachobana pedi hushikwa na bolti mbili, moja juu na moja chini, na kila akiishika bolti kwa vidole vya kushoto ilimponyoka ikaanguka mchangani bila ya yeye kujua. Mwishowe ya juu ikaingia. Akaikaza kwa mkono huohuo mpaka bega likamuuma. Alikuwa akizungusha ya chini Riyama alipomwita chai. "Naam!" akaitika, na baadaye kidogo akarudisha tairi.

Ulfat aliizungusha gari mtaa mzima. Breki kimya.

"Umeitengeneza peke yako, Baba?" Alimshika mkono, ule wa kushoto, akaubusu. Ahmada aliliona busu lile, hakulihisi, lakini furaha yake ilikuwa vilevile. Ulfat akawapakia watoto, Shemsa wa miaka saba na Mansour aliyekuwa bado anabebwa, wakaenda zao Kizimkazi kwa bibi yao mzaa baba.

Ilikuwa baada ya hapo, Ahmada akifuta spana kwa tambara, ndipo wazo lilipomjia. Ile bolti ya chini, aliimaliza? Alijaribu kukumbuka. Aliona mkono wake ukizungusha, akaisikia sauti ya Riyama, akajiona ananyanyua tairi. Katikati hapakuwa na kitu. Zamani angeuuliza mkono, na mkono ungemjibu, maana fundi hukumbuka kwa viganja. Akavitazama vidole vyake vya kushoto. Havikuwa na la kumwambia.

Akampigia Ulfat. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, mara tatu. Njia ile aliijua: baada ya Tunguu watu hukimbiza gari, na ukifika msitu wa Jozani kuna matuta, kwa ajili ya kima wanaovuka. Kila tuta lingemtaka Ulfat akanyage breki.

Akabaki na jina moja la kupiga. Kidole kilisita juu yake, kisha akabonyeza.

"Haitham, nimefanya kosa."

Haitham hakuuliza kosa gani. Dakika chache tu vespa yake ilikuwa mlangoni, kisanduku cha vifaa kimefungwa mbele. Riyama alisimama kizingitini ameushika mdomo. Hakusema kuwa alimwonya, na hilo lilimuuma Ahmada zaidi.

Njia nzima Ahmada alimshika Haitham kiunoni kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliupitisha ndani ya mkanda wa Haitham, akawa anautazama asije akaanguka kwa kuamini kwamba umeshika. Walipofika Tunguu simu ikalia mfukoni. Haitham akasimama.

"Babu, umepiga mara nyingi," ilikuwa sauti ya Shemsa. "Mama kasema nikupigie, yeye anaendesha."

"Mko wapi, mwanangu?"

"Kwenye miti mirefu. Karibu na kima."

"Mwambie mama asimame. Aondoe mguu kwenye mafuta, gari ipungue mwendo yenyewe. Asikanyage breki kwa nguvu. Halafu avute hendibreki taratibu. Mwambie sasa hivi."

Akamsikia mtoto akisema, "Mama, Babu anasema usikanyage breki!" na Ulfat akipaza sauti, "Anasema nini?" Kisha chuma kikagonga chuma, mara mbili, kwa nguvu. Simu ikakatika.

Ahmada alipiga tena, haikupokelewa, na Haitham akakimbiza vespa mpaka walipoiona. Gari ilikuwa pembeni, nusu imeingia majanini, taa zinawaka na kuzima. Ulfat alisimama mbali nayo, Mansour kiunoni, Shemsa kamng'ang'ania baibui. Wazima wote watatu. Ahmada alishuka kwenye vespa, akashika boneti.

Haitham alilitoa tairi la kushoto; ndani lilikuwa limechubuliwa na kile chuma. Akatia spana kwenye bolti ya chini. Haikutikisika.

"Hii imekaza, Fundi."

Ahmada alivuta pumzi. Haitham akapeleka mkono juu, bila ya spana, na bolti ikazunguka baina ya vidole vyake viwili.

"Ya juu ndiyo iliyolegea."

"Ya juu niliikaza," alisema Ahmada. "Hiyo ndiyo niliyokuwa na hakika nayo."

Akautazama mkono wa kushoto. Akaelewa mwenyewe. Alichokisikia kikikaza hakikuwa bolti, kilikuwa bega lake.

"Baba," Ulfat alisema, "ulituaga na wewe una shaka?"

"Wallahi sikuwa nayo. Ilinijia nyuma."

"Na ingekuwa haikukujia?"

Kwa adabu, Haitham alimnyooshea spana, kama mwanafunzi kwa mwalimu wake. Ahmada aliipokea, akaupima uzito wake, akairudisha.

"Kaza wewe. Na la kulia lifungue, usiniamini."

La kulia lilikuwa sawa. Ulfat aliendelea na safari bila ya kuaga, na kwa siku tatu alizungumza naye habari ya chakula tu. Siku ya nne alikaa karibu yake barazani, wakaelewana: mafuta, plagi na betri ni kazi ya Ahmada; breki, usukani na matairi ni kazi ya Haitham. Ahmada alikubali. Kuzoea ni jambo jengine. Zipo siku hulifungua sanduku la spana, akalitazama, akalifunga kwa hasira.

Wiki iliyopita Ulfat alirudi kutoka kazini akasema usukani unatetemeka. Ahmada aliinuka mkekani, akatafuta kofia yake.

"Twende kwa Haitham," alisema. "Endesha polepole, nisikilize. Tukifika nitamwambia ni nini."