Njia Mbili Kwenye Matope ya Wakwe

Kule kwa wakwe zangu, ndani kabisa kwenye mashamba ya majani chai upande wa Kaplong, hakuna mtu anayeniita kwa jina nililobatizwa, naitwa Njia Mbili, hata watoto wananiita hivyo wakiniletea kikombe cha chai, na aibu yenyewe sikuletewa na mtu, niliitengeneza kwa mkono wangu, kwa spana, nikiwa nimetulia kabisa.

Ilikuwa asubuhi ya koito yangu, siku ya wazee wa upande wetu kwenda kuniombea mke. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini (msiniulize kwa nini nilichelewa, nilikuwa Malaba, halafu Lodwar, halafu Nakuru, kila mahali nikikaa kidogo nakumbuka mahali pengine), na baba yake Chepkirui, Mzee arap Mutai, alikuwa ametuma neno mapema kwamba hana ubaya na mimi ila kwa jambo moja: "Mtu wa kuhamahama nitampaje msichana? Nikimtaka nitamtafutia wapi?" Kwa hivyo siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, nionekane mtu aliyetulia.

Wazee walitangulia kwa gari kutoka Soin. Senge Rael, dada ya marehemu baba yangu, ambaye ndiye angetusemea, alichelewa kwa sababu ya ng'ombe wake aliyekuwa anazaa, ikabidi nimngoje pale Kaplong nimbebe kwa pikipiki yangu. Sasa nikiwa namngoja nikakumbuka cheni imelegea, ukienda inagonga-gonga, nikafikiria nikiingia kwa wakwe na kelele kama ya sufuria zinazoangushwa watasema hata pikipiki imenishinda. Nikachukua spana.

Ujuzi wangu wote wa cheni niliupata kwa baba, kwa ile baiskeli yake nyeusi ya kubebea maziwa. Aliipindua miguu juu, akavuta gurudumu la nyuma mpaka cheni ikakazika, akafunga jicho moja kuangalia kama limekaa katikati, basi, kazi imeisha. (Mpaka leo nikisikia gurudumu likizunguka bure nahisi harufu ya maziwa na ya koti lake lenye mvua.) Nikafanya vile vile, nikasahau kwamba ile baiskeli haikuwa na springi za nyuma, lakini pikipiki mtu akiikalia inashuka, na ikishuka cheni inajikaza zaidi, ndiyo maana huwa inaachwa na ulegevu kidogo. Tena pikipiki ina alama ndogo kando ya ekseli, kulia na kushoto, na zinatakiwa kulingana. Mimi alama sikuziangalia. Nilifunga jicho moja kama baba, nikavuta upande wa kulia kuliko wa kushoto, nikanawa mikono, nikavaa suti.

Senge Rael ni mama mzito, tena hasemi pole pole. Hatukuwa tumeacha lami mbali nikasikia nyuma yangu, "Weh, kijana, mbona tunaenda upande kama ng'ombe anayekwepa dipu ya dawa?"

"Ni matope, senge. Mvua ilinyesha usiku."

"Na hiki kinacholia hapa chini yangu ni matope pia?"

Nilikuwa nashika usukani kwa nguvu zote, maana pikipiki ilitaka kwenda kwa mashamba ya watu.

Kwa wakwe kuna mlima mfupi kabla ya lango, na pale langoni wanawake walikuwa wameshatuona wakaanza kuimba. Nikaongeza moto. Tukapanda jiwe, tukashuka, cheni ikalia kama mlango mbovu, ikaruka kutoka kwa meno yake, ikajibana, gurudumu la nyuma likasimama kabisa, na sisi wawili tukalala pole pole, kwa heshima, ndani ya majani chai ya Mzee arap Mutai. Senge alikaa juu ya miti ile kama aliyeletewa kiti, kofia yake ya kanisa ikiwa bado kichwani. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mzee akatoka. "Pole, mama. Umeumia?"

"Ni aibu tu, na hiyo hospitali haitibu."

Akacheka kidogo, kisha akanipita, akashuka barabarani na fimbo yake akiangalia matope, akaenda, akarudi.

"Mlikuja na pikipiki ngapi?"

"Moja, mzee."

"Hapana. Hapa zimepita mbili." Akaonyesha kwa fimbo. Kwenye ule udongo mwekundu gurudumu la mbele lilikuwa limeandika njia yake, na la nyuma njia yake nyingine, kando kando, mpaka chini kwenye kona. "Hii ya mbele inakuja kuoa. Hii ya nyuma inarudi Lodwar."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilijaribu kucheka lakini nikaona mzee mwenyewe hacheki.

"Hatuwezi kuongea na mtu wa njia mbili," akasema. "Nyoosha kwanza. Hapa hapa."

Basi nikavua koti, nikapiga magoti kwenye matope na suruali ya suti, wazee wa pande zote wakanizunguka kama watu wanaoangalia dume la mnada. Nikalegeza ekseli, nikarudisha cheni, nikasogeza kulia, nikasogeza kushoto, safari hii nikiangalia alama, mpaka zikalingana. Ikabaki kupima ulegevu mtu akiwa amekaa. Nikamwangalia senge.

"Mimi? Hapo nilishatoka!"

Ndipo Chepkirui, ambaye alitakiwa awe ndani ya nyumba mpaka aitwe, akatoka, akakusanya gauni lake, akapanda, akakaa. "Pima," akaniambia.

"Chepkirui!" mama yake akapiga kelele. "Bado hawajakuomba!"

"Si ni pikipiki tu, mama."

Nikasukuma cheni kwa kidole kutoka chini. Ikapanda kidogo, ikashuka. Nikakaza nati.

"Enda mpaka kwa kona urudi," mzee akasema.

Nilienda peke yangu. Kwa ile kona unaona lami, na kwa lami unaweza kwenda mahali popote. Nikageuza. Niliporudi nilikuta wazee wamekwisha kuinama barabarani kama watu waliopoteza sindano.

"Ni moja," mzee akasema mwishowe.

"Sasa mtatusikiliza?" Senge Rael akauliza, akijipangusa majani.

"Ingieni. Maziwa yanangoja."

Tangu siku hiyo niliapa kwamba nikiwa na suti na mahali pa kwenda sigusi ekseli, hata cheni ipige kelele namna gani. Chepkirui ni mke wangu. Siku nyingine, nikisikia lori likibadilisha gia kuelekea Nakuru, moyo unasimama kidogo, siwezi kudanganya. Na kila tukimtembelea mzee wakati wa mvua anatusindikiza mpaka langoni, anatuaga vizuri, na nikiangalia kwa kioo namwona amebaki nyuma na fimbo yake, ameinama, anasoma matope.