Elektroni Zilizochoka na Samaki Wangu

Nauza samaki Bwera tangu nilipokuwa nawabeba kwa ndoo kutoka ziwani Hamukungu. Shule niliacha mapema. Friza nilinunua kwa jasho langu, sikurithi kitu. Kwa hiyo Jumatano ile nilipofungua mfuniko, harufu ikanipanda puani, nilitema mate mlangoni kwangu mwenyewe. Gesi ilikuwa imevuja. Samaki wa juu walikuwa ute mtupu, wa chini bado wagumu. Hao wa chini nilitaka kuwaokoa, maana kesho yake mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, angekuja kuchukua mzigo wa Ijumaa Kuu.

Fundi alitoka Kasese, viatu vinang'aa. Akajaza gesi mpya kwanza, ndipo akatoa kamashine ka kutafuta tundu. Kakalia "pii" kwenye friza, kakalia ukutani, kakalia hata kwenye shati langu.

"Na mimi ninavuja?"

"Tulia, mzee, hii ni sayansi. Ncha hii inatema elektroni. Zinagongana na hewa mpaka zinachoka, zinakwenda pole pole. Iliyochoka ikikutana na molekuli ya gesi ya friza, inanaswa. Molekuli ni nzito, haikimbii, basi umeme unapungua, mashine inalia."

"Sasa gesi yako imejaa chumba kizima, si itazinasa kila mahali? Fungua mlango!"

"Vumbi litaingia, mzee."

Vumbi! Nzi wanatembea midomoni mwetu, yeye anaogopa vumbi. Nilifungua mlango na dirisha mwenyewe. Upepo ulipoisafisha hewa, kamashine kakanyamaza, kakaja kulia sehemu moja tu: bomba la chini, lililoliwa na maji ya chumvi ninayooshea samaki. Akaliziba, akajaza tena. Lakini jua lilikuwa limeshapanda. Niliposhika samaki mmoja wa chini, tumbo lake likapasukia mkononi mwangu, na kile kilichotoka sitakiandika. Tuliwazika wote, fundi na viatu vyake akishika jembe.

Kesho yake yule mama wa Butembo akafika na vikapu, akaniita baba kwa Kiswahili cha kwao.

"Papa, friza inanguruma muzuri. Samaki iko wapi?"

"Shimoni. Wameoza."

"Yesu! Na batu beko Butembo bananingojea!"

"Nenda kwa jirani."

Jirani huyo analaza samaki kwenye barafu ndani ya gunia chafu. Nimemcheka miaka yote. Mama akainua vikapu vyake, akavuka barabara. Nikasikia, "Karibu, mama, chagua," nikarudi ndani kusugua friza.