Funga Choki: Kutoka Isiolo Hadi Oldonyiro

Dada yangu Halima alinipigia simu kutoka Oldonyiro. Homa ya mapafu ya mbuzi ilikuwa imeingia boma la jirani, mbuzi wa Halima bado walikuwa wazima, na daktari wa mifugo aliyekuwa huko alikuwa ameishiwa na chanjo. Mbuzi wale ndio karo ya watoto wake na chakula cha nyumba. Nikajitolea kupeleka chanjo, kwa kuwa nina pikipiki na mdomo.

Asubuhi, Isiolo mjini, nilifunga sanduku la barafu nyuma ya kiti, chanjo ikiwa ndani. Injini ilikuwa baridi, basi nikainua choki, kile kikono kidogo cha kabureta kinachopunguza hewa. Kiki moja, ikawaka; ilipopata joto nikaishusha choki. Nikajiona dereva.

Nilipofika Leparua jua lilikuwa kali. Badala ya kupita, nilisimama kwa Mama Ekai, Mturkana anayeuza chai kando ya barabara, maana mwenye jaketi jipya lazima aonekane. Alipouliza habari ya sanduku, nikamweleza kwa kirefu jinsi ninavyokwenda kuokoa mbuzi. Chai ikaisha. Pikipiki ikakataa kuwaka. Nilipiga kiki mpaka nikavua jaketi.

Nikampigia Guyo, fundi wangu wa Isiolo.

"Injini iko moto? Funga choki, vuta mafuta yote, piga kiki."

Nikawaza: choki ni mlango wa hewa, kwa hiyo kuifunga ni kuzuia hewa. Nikainua kile kikono na kupiga tena. Hakuna kitu, harufu ya petroli tu. Nikaamua petroli inachemka, nikafungua sanduku na kuanza kuipaka kabureta barafu.

"Wewe kijana," Mama Ekai akasema, "hii barafu si ulisema ni ya mbuzi?"

Aibu ilinishika. Nusu ya barafu ilikuwa imeshaishia mchangani. Nikampigia Guyo tena.

"Harufu ya petroli iko?"

"Iko mpaka kooni."

"Umeziba hewa, bwana! Kufunga choki ni kuacha kuitumia, kama vile unafunga mfereji. Rudisha hiyo kitu chini!"

Nikaishusha, nikazungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, nikapiga kiki mara kadhaa. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Sikusimama tena popote.

Oldonyiro nilifika mchana, roho juu. Daktari alitia mkono sandukuni. Barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo.

"Bado iko baridi," akasema. "Lakini tuharakishe."

Tulikamata mbuzi mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Halima alilia kidogo kwa furaha. Mimi nilisingizia vumbi.

Asubuhi ya kurudi nilikuwa nimeshajifunza: choki haiguswi. Nikapiga kiki, nikapiga, nikalowa jasho kwenye baridi ile. Halima akatoka na kikombe cha chai, akainama, akainua choki kwa kidole kimoja.

"Piga sasa."

Ikawaka.

"Mbuzi wamechanjwa," akasema. "Sasa wewe, ndugu yangu, tutakuchanja na nini?"