Semeki aliahidi komanda gari ya marehemu bwana yangu

Munisamehe kwa kukawia kuandika. Ni miezi tano tangu kilio. Nilikuwa nanyonyesha, na hasira ilinizuia kushika biki. Mukichapa barua hii, mufiche jina langu. Niko na miaka makumi mbili na ine, batoto babili, mujane wa hapa Butembo.

Bwana yangu aliniachia Chevrolet ya zamani ya Wamarekani, yenye mabawa mbili nyuma. Hapana ile ya badirecteur. Ni ile ya bei ya chini, ya familia. Baba yake aliinunua kwa Mubelgiji wa shamba ya kahawa. Nayo tulikuwa tunaleta viazi toka Kirumba, batoto juu ya magoti. Basoda, wale waaskari, walipoanza kunyanganya magari, bwana yangu akatoa delco, kile kichwa kinachogawa moto ku injini. «Ufiche. Bila hii haiende popote.» Nikaifunga mu kikwembe, nikaizika mu unga ya muhogo. Halafu ugonjwa ukamubeba.

Siku ya kumaliza kilio, semeki, mudogo wake, alivaa koti ya marehemu mbele ya watu, kama desturi inavyotaka. Kisha akaingia na mu gari, akafunga mulango.

«Mama wa batoto, koti, gari na wewe, vyote njo urizi yangu.»

«Koti ubebe», nikamujibu. «Mimi hapana koti.»

Alicheka. Bila kuniuliza, akaenda kuahidi gari kwa komanda mumoja, ili apewe kazi ku barrière, kile kizuizi cha barabarani. Basoda bakakuya, bakajaribu kuwasha: kimya. «We, unatuletea maiti?» Bakamupiga mateke. Bakasema Jumapili gari itembee, ao yeye hatatembea tena.

Leo amejua delco niko nayo, analia mulangoni: «Yaya, utaniua?» Kumbe nimekuwa yaya, dada yake mukubwa! Mama mukwe anasema damu yake itakuwa ku mikono yangu. Simupendi, naandika bila haya. Lakini ni tumbo moja na bwana yangu. Na nikitoa delco, batoto babaki na nini?

Munishauri, ndugu: nitoe delco, ao nimutoroshe? Mimi naona atoroke. Basi mwenye roho muzuri anitumie: jina ya mutu wa kumupokea Kyavinyonge, kule ku ziwa, hata kazi ya kukausha samaki, nafasi moja juu ya kamyo ya mizigo, mbele ya Jumapili, na viatu namba makumi ine na mbili, kwa sababu vya bwana yangu sitamupa.