Darubini Ndogo ya Mwalimu Hoza

Usiku wa kuamkia Jumamosi ile nililala nikiwa bado naamini, kwa akili zangu zote na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kimetundikwa ukutani, kwamba darubini inaweza kuua mtu.

Si kwa kumpiga nayo kichwani. Kwa kuigeuza. Ukimtazama mtu kwa upande wa vioo vikubwa anaonekana mdogo, yuko mbali kama ng'ambo ya bonde. Basi Mzee Saguti, mpishi wa kambi ya watafiti wa ndege kule msituni kwetu Usambara, alinihakikishia kwamba mtu huyo umeshamsukuma, na harudi tena.

"Mtafiti mmoja alimtazama mkewe hivyo kwa mzaha," aliniambia. "Wiki haikuisha, mama wa watu kafunga mizigo karudi kwao. Akamtazama mbwa. Mbwa yuko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Akatazama sufuria yangu ya ubwabwa, ile kubwa. Iko wapi?"

"Si iliibiwa?"

"Iliibiwa baada ya kutazamwa, we mtoto!"

Nikaamini. Mimi, mwongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege, mtu wa kushinda na darubini shingoni, niliamini kuliko ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Na kosa lenyewe nilikuwa nimeshalifanya. Mwalimu Hoza alinifundisha miaka minne kwenye darasa la usiku, mimi jitu zima la miaka thelathini na minne lililokuwa halijui hata jani linapumua vipi. Mchana tuliongoza wageni pamoja, usiku ananipiga chaki. Siku matokeo yalipotoka, nimefaulu, nadhani hata mawe ya Lushoto yalisikia nilivyopiga kelele. Tukala pilau uani kwake. Nikachomoa darubini yake ndogo kwenye mfuko wa shati lake, nikaigeuza, nikamtazama.

"Mwalimu! Umekuwa mdogo kama mbegu ya papai!"

Akanipungia mkono. "Mimi nimekaa hapa hapa, Rajabu."

Baada ya wiki mbili akaanguka. Wakamteremsha hospitali ya wilaya, akalala huko wiki tisa, akafa. Sikwenda kumwona hata siku moja. Nilijiambia kwamba nimeshamsukuma, nikijitokeza mbele yake nitammaliza. Na wageni walikuwa wengi msimu ule. Watu wakiniuliza, "Umemwona Mwalimu?" najibu, "Jumapili naenda." Jumapili ziko nyingi, jamani.

Eda ilipoisha, mjane wake, Mama Zaina, akaniita. Marehemu aliacha darubini mbili. Moja kubwa, ya kuvuta mara kumi, inakaa kwenye kasha lake, hutoka kwa wageni wa maana tu. Nyingine ndiyo ile ndogo, ya kuvuta mara nane, inakunjika ikaingia mfukoni kama pakiti ya sigara. Hiyo alikwenda nayo sokoni, msikitini, buchani, hata kwenye harusi yangu aliitoa katikati ya nasaha akaangalia ndege chozi kwenye mgomba. "Njoo Jumamosi asubuhi uchague moja," Mama Zaina alisema. "Inayobaki ni ya mpwa wake."

Wiki nzima nilizipima kichwani. Kubwa ingenipa heshima kwa wageni. Lakini moyo ulikuwa kwenye ile ndogo. Nilitaka kutembea nayo kila mahali, watu waone mfuko umetuna, waseme, huyo ndiye mrithi wa Mwalimu Hoza. Ndivyo nilivyolala.

Nikaota niko darasani, lile darasa letu la usiku lenye dirisha moja lililopigiliwa mbao, ila nje ni mchana na jua linapenya kwenye nyufa. Wanafunzi hawapo. Juu ya kila dawati imekaa darubini, imenielekea mimi. Zilikuwa arobaini, au mia nne, sikuzihesabu, nilijua tu kwamba zinaniona mpaka kitovu. Mwalimu Hoza aliingia taratibu. Amevaa shuka la hospitali, na miguuni buti zake za msituni zenye tope bichi. Nikasema shikamoo. Akafuta ubao.

"Chagua," alisema.

Nikainua iliyo karibu. Kubwa, nzito kama jiwe la kusagia. Naiweka machoni, nazungusha kigurudumu cha katikati, na naona ukuta wa nyumba yangu, karibu kabisa. Naona msumari. Naona cheti, na kwenye cheti jina langu, na jina linatetemeka. Nikijikaza, linazidi.

"Inatetemeka darubini au mkono?"

"Mkono, Mwalimu."

Akaandika ubaoni: sifuri.

Nikachukua nyingine. Hii ina kioo safi ajabu, kama maji ya chemchemi, na ndani yake ni mazishi yake mwenyewe. Jeneza linapita katikati ya migomba. Mbele kabisa kuna mtu amelikamata kwa nguvu, analia kwa sauti kuliko wote, watu wanne wanamshika. Ni mimi. Nakumbuka siku ile, nililia mpaka nikasifiwa. Lakini kioo kinanivuta karibu, karibu zaidi, na mashavu yangu ni makavu kama karatasi.

"Hiyo inaona vizuri," Mwalimu anasema nyuma yangu. "Sifuri."

Sijui madawati yalikwenda wapi. Sasa ni mistari ya chai, halafu ni msitu, na ninaongoza wageni, nimetangulia, natembea kwa madaha. Hondohondo anapita juu, mabawa yake yanavuma. Nageuka niwaonyeshe. Wageni wamesimama pande mbili za njia, na katikati ya njia kipo kitanda cha chuma, na Mwalimu amekaa juu yake. Midomo imepasuka kwa ukavu. Ile darubini ndogo iko machoni mwake, anatazama kitu kilicho nyuma ya bega langu. Nikatazama huko. Kuna geti tu, geti la chuma katikati ya msitu, liko wazi, hapiti mtu.

"Unaangalia ndege gani, Mwalimu?"

"Wa saa kumi."

Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye swali la somo langu! "Saa kumi hutokea kwarara, wanarudi kulala," nikasema. "Hutokea chozi. Mdiria hushuka mtoni. Kurumbiza huanza..." Kila ndege niliyemtaja, Mwalimu alinyanyua chaki nyekundu akapiga mkasi wa kosa hewani, na mkasi ulibaki pale pale hewani, mwekundu. Wageni walianza kucheka. Wanacheka kwa adabu kwanza, halafu wanacheka wameshika matumbo, na mimi nacheka nao nisionekane mshamba.

Mgeni mmoja akamuuliza Mwalimu, kwa lafudhi ya kwetu kabisa, "Huyu ndiye mwanafunzi wako?"

"Ndiye."

"Anajua nini?"

Mwalimu hakutoa darubini machoni. "Anajua njia zote," alisema. "Hata ya kuja hapa anaijua."

Kicheko kikakatika. Nikapiga magoti kwenye majani makavu. Nikamwambia, Mwalimu, nimekuja kuchagua, nimeshachagua, nataka hiyo hiyo uliyoshika. Akanipa bila ubishi. Ilikuwa ya moto, kama imetoka kwenye paji la mtu mwenye homa. Naiweka machoni, namwona mdogo. Nimekosea upande! Naigeuza haraka. Bado mdogo. Nageuza tena, na tena, jasho linanitoka, na kila nikigeuza yeye anapungua, kama mbegu ya papai, kama punje ya mchele, kama nukta ya kalamu, na kitanda chake na geti lake. Sauti lakini haikupungua. Sauti iko sikioni kwangu, tulivu, kama alivyokuwa akisoma imla.

"Kamwambie Mama Zaina, ndege wa saa kumi hakutokea. Na hiyo ndogo asikupe wewe."

Niliamka ngumi ikiwa imekandamiza jicho. Kumekucha, kuku wameshatawanyika uani. Nikakaa kitandani mpaka jicho liache kuona nyota.

Njiani niliugawa ule ujumbe vipande viwili. Kipande cha kwanza nitakifikisha, nilisema, maana wa marehemu hauzuiliwi. Cha pili, ah, ndoto nyingine huletwa na maharage. Nikatembea kwa haraka, nimfikie Mama Zaina kabla mpwa hajaamka.

"Hodi, Mama Zaina."

"Karibu. Umekuja mapema kama mdai."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo hapo."

Zilikuwa mezani, juu ya kanga iliyokunjwa. Nikainua ile kubwa kwanza, kwa heshima, nikaangalia paa la jirani. Kweli nilihesabu kutu. Nikaishusha. Nikaichukua ndogo. Rangi imechubuka pale vidole vyake viwili vilipokuwa vikikaa kila siku, na vidole vyangu vikaingia humo humo. Juu ya mpapai palikuwa na chozi dume, nikamshika kwenye kioo mara moja, kifua chake kinawaka. Haikutetemeka hata kidogo.

"Hii," nikasema.

"Hata hiyo kubwa huitaki? Wenzako wangeigombania."

"Hii, mama."

"Haya, chukua."

Ningetoka hapo nikiwa mrithi. Mlango ulikuwa wazi, mfuko wa shati uko tayari. Lakini ulimi huu, ambao haujawahi kukaa kimya tangu uzaliwe, ukafunguka. Nikamwambia kuhusu siku ya pilau, nilivyoigeuza, alivyokuwa mbegu ya papai, na maneno ya Mzee Saguti. "Mama, mimi ndiye niliyemsukuma Mwalimu," nikasema. "Ndiyo maana sikuja hospitali. Niliogopa kummaliza. Na usiku huu amenijia. Ameniagiza nikwambie, ndege wa saa kumi hakutokea."

Mama Zaina alikuwa anafunga kasha la ile kubwa. Mikono ikasimama.

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mimi sijaelewa. Nimemtajia kwarara, nimemtajia mdiria, wote amewakataa."

Akavuta kigoda akakaa, kama mtu anayetaka kuchambua mchele.

"Rajabu, wewe umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Mpaka kidato cha nne?"

"Cha nne."

"Basi nisikilize. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani, kinatazama geti la hospitali. Saa kumi jioni ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Kila siku, ikifika saa kumi, anaitoa hiyo chini ya mto, anaangalia geti. Mkono hauna nguvu, namshikia kiwiko. Namuuliza, baba Zaina, ndege gani unamwangalia hapa mjini? Ananiambia, namngoja mmoja wa kule juu, anapenda kuchelewa. Geti likifungwa, anairudisha chini ya mto." Akaitazama darubini iliyokuwa mkononi mwangu. "Wiki tisa, Rajabu."

Nje chozi alikuwa bado analia kwenye mpapai.

Mama Zaina akanyoosha mkono, kiganja juu. Kile kipande cha pili cha ujumbe nilikuwa sijamwambia, na sikumwambia. Nikaiweka darubini ndogo kiganjani mwake.

Akaifunga kwenye kanga.

"Mume wangu aliuawa na figo," alisema. "Darubini haimsogezi mtu popote. Ni wewe tu hukuja."